Usiguse Mpaka Nirudi

Mwezi uliopita tulimzika Masimba, meneja wangu wa zamani, na kabla ya kumzika nilikaa chini ya turubai mtaani Kisasa kwa saa mbili nzima nikisikiliza uongo. Uongo wa msibani nimeuzoea. Pale kila mchoyo huwa alikuwa mkono wazi na kila mgomvi alikuwa mtu wa watu, na mimi hutulia tu nikitazama saa yangu. Lakini siku hiyo mpwa wa marehemu, kijana aliyevaa miwani ya jua kivulini, alishika kipaza sauti akataka kutuchangamsha. "Mjomba alikuwa na jicho kali kazini," akasema. "Kuna mwaka pale hotelini mama mmoja wa usafi aliua mashine ya bwawa la kuogelea. Mashine ya kutoka ng'ambo! Mjomba hakuhangaika. Alimwita ofisini, akamuuliza swali moja tu, mama akajikamata kwa mdomo wake mwenyewe!" Watu wakacheka kile kicheko cha msibani, cha kufunika mdomo kwa leso. Mimi nilikuwa mstari wa pili, kwenye viti vyenye mito, vile wanavyotengewa watu wa hadhi yangu. Nilijua nani aliiua mashine ile. Nikadhani pale ni mimi peke yangu ninayejua, mpaka nilipogeuka kutazama kule wanakopikia, nikamwona mwanamke amesimama kando ya sufuria kubwa ya pilau, mwiko mkononi, na hacheki.

Habari za ukoo wangu naziruka, hazikunisaidia chochote. Kila nilicho nacho nimekichuma kwa mikono yangu. Nilikwenda Maskati nikiwa kijana wa kuvua majani kwenye mabwawa ya watu kwa wavu wa mti mrefu, na wenzangu waliokuja na ndege ile ile walitumia jioni zao kulala na kulalamika. Mimi jioni nilikwenda chuo. Nilirudi Dodoma nina miaka ishirini na saba, nina diploma ya utunzaji wa mabwawa ya kuogelea, nina viatu vya ngozi, na nina dharau ya kutosha mkoa mzima. Leo wananiita Injinia Sefu. Mimi si injinia, ila siwasahihishi, maana mainjinia wenyewe ndio wanaonipigia simu maji yao yakigeuka supu ya mchicha. Mabwawa ya chumvi mengi ya mji huu ambayo mtu unaweza kuyaona sakafu yamepita mikononi mwangu. Nasema hayo si kwa majivuno tu. Nayasema ili msomaji ajue kwamba mtu anayeandika habari hii anaijua kazi, na kwamba mwaka ninaousimulia ni mwaka ambao alikuwa haijui na alidhani anaijua.

Kwanza niwatoe ujinga wale wanaodhani bwawa la chumvi halina klorini. Nimeyasikia hayo kwa watu wenye magari makubwa na suti. Lina klorini, tena linaitengeneza lenyewe. Maji yanatiwa chumvi kidogo, kidogo kuliko machozi, halafu yanapitishwa kwenye kitu kinachoitwa seli: bomba fupi la plastiki lenye mabamba membamba ya chuma ndani, yamepangwa kama kurasa za kitabu. Umeme unapita kwenye mabamba, chumvi inavunjika, klorini inazaliwa, maji yanabaki safi. Mabamba yale yamepakwa ngozi nyembamba ya madini ghali, rangi yake nyeusi iliyofifia, haina mng'aro wowote. Ngozi ile ndiyo seli yenyewe. Ikitoka, ulichobaki nacho ni bomba la plastiki na vipande vya chuma vya kumvutia mkusanya vyuma chakavu. Adui yake mkubwa hapa kwetu ni chokaa. Maji magumu yanaacha ukoko mweupe kwenye mabamba, kama ule unaouona ndani ya birika la nyumba yoyote ya Dodoma. Ukoko unasafishwa kwa asidi iliyozimuliwa, kikombe kimoja ndani ya vikombe kumi vya maji, dakika kumi na tano, basi. Ubaoni nilifundishwa hivyo, na mtihani niliupasi vizuri sana.

Hoteli iliyonipa kazi ilikuwa njia ya kwenda Iringa, ya ghorofa tatu, na bwawa lake la chumvi lilikuwa jambo la kutangaziwa wageni kabla hata ya kitanda. Ofisi yangu ilikuwa chumba cha pampu, shimo la zege chini ya jiko, lenye taa moja, pampu mbili, na kidirisha cha nondo kilichofunguka usawa wa miguu ya wapishi. Nilikuwa naona kandambili zao na kusikia kila neno. "Diploma amefika?" "Amefika, yuko kaburini kwake." "Amesalimia leo?" "Tangu lini diploma inasalimia?" Niliwasikia nikawadharau, nikaona ni wivu. Chakula cha wafanyakazi kiliteremshwa saa saba mchana kwenye ngazi za nyuma, ugali wa uwele na mlenda, na watu walikaa kuzunguka sinia moja. Mimi nilisimama na kijiko changu na kopo langu la samaki, nikijifanya nasoma kitabu cha maelekezo ya mashine. "Kaka Diploma," sauti moja ilinitania kila siku, "mlenda hauulizi cheti. Kaa ule."

Sauti hiyo ilikuwa ya Veronika. Alikuwa mtunza bwawa kabla sijafika, mwanamke aliyenizidi umri kwa miaka kadhaa, mwenyeji wa Farkwa, huko Chemba, wa kabila linalosema kwa kubofya ulimi. Akiongea na ndugu yake kwa simu, wapishi walimzunguka kumsikiliza. "Vero anakaanga bisi mdomoni," walisema, naye alicheka pamoja nao kisha akawabofyea neno moja la nguvu ambalo hakuna aliyelijua maana, na kila mmoja akaogopa kuwa limemhusu. Kwa umri wake nilipaswa kumwamkia. Sikumwamkia hata siku moja. Nilimwambia "Mambo," kama namwambia kijana wa kuosha magari, na yeye alijibu "Salama, kaka," bila kuonyesha kitu usoni.

Kilichonikera zaidi ni namna yake ya kupima maji. Mimi nilikuwa na vikaratasi vya kupimia, vyenye rangi za kulinganisha, nilivileta mwenyewe kutoka Maskati. Veronika alikuwa anachovya kidole bwawani, anakigusisha kwenye ulimi, anatazama juu kidogo kama anayekumbuka jina la mtu, kisha anatoa hukumu. "Maji yameshiba." Au, "Maji yana njaa." Nilimwambia mbele ya wahudumu kwamba huo ni uchafu, na kwamba chuoni kwetu mtu wa hivyo angefukuzwa getini. "Chuoni kwenu hawakuwa na ulimi?" akaniuliza, na wale wahudumu wakaangua kicheko. Sikumsamehe kicheko hicho.

Katikati ya mwaka Masimba alipata wazo. Meneja akipata wazo, fundi ajiandae kuumia. Alikuwa amechimbisha kisima cha hoteli, na akaamua bwawa lijazwe kwa maji ya kisima badala ya maji ya bomba ya mamlaka. Kila mtu wa Dodoma anajua maji ya visima vyetu yanaitwa maji ya chumvi. Sabuni haitoi povu, chai inakuwa na utando. Basi Masimba alishuka mwenyewe hadi chumba cha pampu, jambo ambalo hakulifanya tena maishani mwake, akanipiga begani. "Sefu, bwawa letu ni la chumvi. Kisima chetu kina maji ya chumvi. Mungu atupe nini tena?" Chumvi ya kisima na chumvi ya bwawa si kitu kimoja hata kidogo. Ya kisima kwa sehemu kubwa ni chokaa na wenzake. Tunaiita chumvi kwa sababu babu zetu hawakuwa na neno jingine la maji yanayokataa sabuni. Nilijua? Ningesema nilijua, ila nilipewa neno lile la Kiswahili na sikulifikiria. Nilisoma kila kitu kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza kosa hilo halipo, maana wao maji ya hivyo huyaita magumu, si ya chumvi. Nilimwambia, "Wazo zuri, bosi."

Baada ya wiki chache taa nyekundu ikawaka kwenye mashine: chumvi pungufu. Nikaagiza mifuko ya chumvi, nikaimwaga. Taa ikazimika siku mbili, ikawaka tena. Nikamwaga tena. Veronika alichovya kidole. "Kaka Diploma, usiongeze. Chumvi ya jikoni imezidi. Hii nyingine siyo chumvi, ni chokaa. Chumvi inakaa mbele ya ulimi. Hii imekaa nyuma, kama umelamba ukuta." Nikamwambia kwamba mashine imetengenezwa na watu waliosoma na haiwezi kubishana na mtu aliyelamba ukuta. Ukweli ni kwamba mashine haikuwa inaionja chumvi. Ilikuwa inapima umeme unaopita kati ya mabamba, na mabamba yalikuwa yamefunikwa na ukoko, umeme haupiti, basi yenyewe ikadhani maji hayana chumvi. Ujinga wa namna hiyo ninauona hadi leo: taa nyekundu inawaka, na mtaalamu mwenye kofia ngumu anamwaga mfuko wa tano bila kufungua seli aitazame. Nikimkuta, simhurumii. Ila huwa namtukana kwa sauti ya chini, maana namfahamu.

Ijumaa moja, Bunge likitarajiwa kuanza Jumanne na hoteli imejaa majina ya wageni hadi kwenye ngazi, nilizima umeme, nikaifungua seli. Mabamba hayakuonekana. Yalikuwa meupe, yameshikana kama meno ya mtu asiyepiga mswaki. Hapo ningepaswa kuchukua kikombe kimoja na vikombe kumi. Lakini Veronika alikuwa mlangoni akitazama, na aliniambia maneno mawili tu: "Si nilisema?" Damu ikanipanda. Nikachukua brashi ya waya, nikasugua kati ya mabamba kama anayesugua sufuria ya makande, na ukoko ulipokataa nikaisimamisha seli kwenye ndoo, nikaijaza asidi tupu, bila tone la maji. Ikatokota, ikatoa moshi uliotukohoza wote wawili. Wakati huo huo Masimba akapiga honi nje. Alikuwa anakwenda Mtera kununua samaki wa wageni, na alitaka mtu wa kuongea naye njiani. Meneja kunichagua mimi! Nikavua glavu. "Hii itoke lini?" Veronika akauliza. "Wewe si fundi," nikamwambia. "Usiguse mpaka nirudi."

Ilikuwa asubuhi, kabla ya saa nne. Mtera tulikula samaki wa kukaanga kwenye kibanda kinachotazama bwawa la maji ya umeme, Masimba akaagiza wa pili, na mimi nikaongea. Mungu wangu, nilivyoongea! Nilimweleza Maskati, nikamweleza mabwawa ya matajiri yenye taa chini ya maji, nikamweleza kwamba wafanyakazi wake hawajui kitu na kwamba yule mama wa bwawa anaonja maji kama mtoto. Masimba alicheka hadi mwiba ukamkaba. Seli niliikumbuka mara moja, tukiwa tunapakia samaki kwenye barafu, nikajiambia asidi nyingi ni usafi mwingi. Tulirudi jioni, jua likiwa bado kali.

Niliitoa seli kwenye ndoo, nikaisuuza, na nikapiga kelele ya furaha. Ilikuwa inang'aa. Kila bamba liling'aa kama kijiko kipya cha harusi. Nikapanda nayo jikoni, nikaiinua mbele ya wapishi waache kukaanga waione. "Mnaona kazi ya mtu aliyesoma?" Wakapiga makofi, ndiyo, wakapiga makofi kwa mikono yenye unga. Veronika peke yake aliinama, akachungulia kati ya mabamba, akapitisha kucha. "Mbona umeinyonyoa?" akauliza. Jiko zima likacheka, kana kwamba nimeshika kuku. Lakini mimi palepale nikaukumbuka ubao wa chuo na rangi nyeusi iliyofifia, na nikaelewa kwamba mng'aro ule ulikuwa chuma kitupu. Ngozi yote ilikuwa imebaki kwenye ndoo. Nilikuwa nimeishika maiti juu ya kichwa changu na watu wakanipigia makofi.

Nikairudisha, nikafunga, nikawasha. Taa ikawaka kijani kwa dakika tatu ikafa. Jumatatu maji yalikuwa na ukungu. Jumatano, wageni wakiwa wamejaa, bwawa lilikuwa kijani kibichi, na mheshimiwa mmoja aliyeshuka na taulo lake alipanda nalo kavu akaenda moja kwa moja kwa Masimba. Seli nyingine ilikuwa nje ya nchi, wiki nyingi. Tukaitwa ofisini, mimi na Veronika. Zulia, kiyoyozi, kalenda ya mwaka uliopita. Masimba hakuketi. "Nani ameua mashine?"

Nimejiuliza mara nyingi kama nilipanga. Sikupanga. Ilitoka laini, kama kitu nilichokisomea. "Bosi, siku inasafishwa mimi nilikuwa na wewe Mtera. Aliyebaki nayo ni huyu." Hata uongo haukuwemo ndani yake, kila neno lilikuwa kweli, na ndiyo sababu ninayadharau maneno yale hadi leo kuliko uongo wowote. Masimba akamgeukia. "Veronika, uliifanya nini mashine?" Veronika alinitazama mimi, si Masimba. Alinipa muda. Nakumbuka kiyoyozi kikidondosha tone kwenye ndoo, na lingine, na lingine. Kisha akasema neno moja. "Sikugusa."

"Aha!" Masimba akapiga meza. "Hukugusa! Mali inaungua kwenye ndoo siku nzima, wewe umekaa unatazama, hugusi! Ndiyo kazi niliyokuajiri, kutogusa?" Veronika angeweza kusema kwamba ni mimi niliyemkataza. Alifungua mdomo, akabofya ulimi mara moja, taratibu, akaufunga. Jioni hiyo, akiwa ameshafukuzwa, alipita mbele ya kidirisha changu na mfuko wake wa nguo, nikaona kandambili zake za bluu, nikasikia mpishi mmoja akimwambia, "Nenda salama, dada," na mwingine akisema, "Diploma naye yumo humo shimoni, hata kichwa hatoi." Ni kweli. Sikutoa kichwa.

Mwaka uliofuata ndio ulionifanya fundi. Seli mpya ilipofika sikuigusa kwanza. Nilimlazimisha Masimba amwage bwawa lote na ajaze maji ya mamlaka, nikamwambia kama hataki atafute mtu mwingine, na akakubali, kwa sababu wakati huo alikuwa ananiogopa kidogo kama watu wasiosoma wanavyoiogopa karatasi. Niliikaza seli kwa mkono, bila spana, nikatazama mshale uelekee maji yanakokwenda, nikapaka mafuta mpira wa kuzuia maji. Kila mwezi niliifungua kuitazama, na mingi ya miezi hiyo niliifunga tena bila kuifanya kitu, maana seli nyingi huuawa na kusafishwa kuliko na uchafu. Na asubuhi, kabla wapishi hawajafika, mlango wa chumba cha pampu nikiwa nimeufunga, nilichovya kidole nikakigusisha ulimini. Miezi mitatu sikuonja kitu. Wa nne nikaanza kutofautisha mbele na nyuma. Leo nina vipimo vya kidijitali kwenye mkoba, vijana wangu wanavitumia, wateja wanavipenda. Mimi hukisoma kipimo mbele ya watu, na huonja nikiwa peke yangu. Biashara yangu yote, jina langu lote, vimesimama juu ya ulimi wa mwanamke niliyemfukuzisha kazi, na kwa miaka kumi na minane sikulitaja jina lake kwa mtu yeyote.

Basi pale msibani nilinyanyuka kwenye kiti changu chenye mto, nikaenda nyuma ya turubai. Veronika amenenepa kidogo. Kikundi chake cha akina mama ndicho kinachopika kwenye misiba ya mtaa ule, sufuria ni zao, yeye ndiye mwenyekiti. Alichota mchuzi kwa ncha ya mwiko, akautia ulimini, akatazama juu kidogo. "Imetosha," akamwambia mwenzake. Kisha akaniona.

"Shikamoo, dada Vero," nikasema.

"Marahaba." Akaendelea kukoroga. "Umezeeka, Diploma."

"Umesikia anachosema yule kijana?"

"Nina masikio."

"Dada, kwa nini siku ile hukumwambia? Kwa nini hujamwambia mtu yeyote, miaka yote hii? Ungeweza kunimaliza."

Alifunika sufuria, akapanga makaa juu ya mfuniko moja moja, kwa mkono uliozoea moto. "Uliniambia nisiguse mpaka urudi," akasema. "Sijagusa." Akajifuta mikono kwenye kanga. "Haya. Umerudi?"

Kule mbele mpwa wa marehemu alikuwa bado na kipaza sauti, anasimulia hadithi nyingine. Nilipita katikati ya viti, watu wakinipisha kwa heshima wakidhani Injinia anakwenda kuongeza sifa, na kijana akanipa kipaza sauti kwa mikono miwili huku amevua miwani yake. Nikasubiri wanyamaze. Niliposema ni mimi niliyeiua mashine ile, mstari wa pili ulicheka, walidhani ni unyenyekevu wa msibani. Sikuwangojea wamalize kucheka. Nikalisema jina lake, la kwanza na la baba yake, nikasema anatoka wapi na anasimama wapi sasa hivi, na nikaanza kusimulia tangu kwenye ndoo.